Masikio Yaliayo Baada ya Malaria

Juma lililopita mama mmoja wa Kanyaruchinya alinisimamisha kando ya barabara iendayo Rutshuru. Alinisalimu kwa haraka, kisha akasema, "Mwalimu, baba wa watoto wangu ametupa dawa."

Nikamwuliza ni dawa gani. Akaeleza kwamba mume wake alilazwa siku mbili kwa malaria kali, akatiwa kinini katika serumu, halafu akapewa vidonge vya kumalizia nyumbani. Siku ya tatu masikio yakaanza kulia. Mchana yalilia kidogo tu, lakini usiku, watoto walipokwisha kulala, yalilia kama nyenje elfu waliokusanyika chini ya mto. Jirani wa kwanza akasema kwamba mtu akiliwa na masikio hivyo ni kwa kuwa anasengenywa. Wa pili akasema ni wafu wanamwita. Wa tatu, ambaye alijiona mwenye elimu kuliko wote, akasema dawa za hospitali huharibu masikio, heri aziache. Huyo wa tatu ndiye aliyesikilizwa, na vidonge vikatupwa katika mawe ya volkano nyuma ya nyumba.

Mama huyo nilimjibu palepale, na nitasema hapa chini nilimwambia nini. Lakini nimeona yafaa niandike zaidi, maana nyumba zilizo na jambo hili si moja, na mimi mwenyewe ni mmoja wa wenye masikio hayo.

Jirani wa tatu alisema nusu ya kweli. Kinini huliza masikio, wala si siri. Mtu akinywa dawa hiyo kwa kipimo cha kutibu malaria, mara nyingi husikia mlio, masikio huwa kama yamezibwa na pamba, kichwa huuma, na pengine macho huona ukungu. Waganga wa zamani wa Ulaya walipoona mgonjwa wao ameanza kulia masikio walisema dawa imeingia mwilini sawasawa. Kwa walio wengi mambo hayo yote huondoka baada ya dawa kwisha. Nusu ya kweli ambayo jirani hakuisema ni hii: malaria isiyomalizwa hurudi, na ikirudi huweza kumwua mtu aliyekuwa ameanza kupona. Basi nilimwambia mama, "Mama, leo hii, kabla ya jua kuchwa, mrudishe kwenye kituo cha afya. Aseme wazi kwamba masikio yanalia na kwamba vidonge amevitupa. Watampima tena, nao ndio watakaoamua kama ataendelea na dawa hiyo au atapewa nyingine. Asijiamulie mwenyewe."

Hapa lazima niseme neno kidogo juu ya jina lenyewe. Kwetu Kivu watu huita kila kidonge "kinini", hata kile cha kichwa au cha minyoo. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Kinini kimeniliza masikio," mwulize kwanza ni kinini kipi. Kinini chenyewe ni dawa chungu itokayo katika magamba ya mti wa kinkina, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mapadre Wajezuiti waliyaleta magamba hayo Ulaya katika karne ya 17, na kwa muda mrefu unga wake uliitwa unga wa Wajezuiti. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kuitoa dawa yenyewe katika magamba. Baadaye Waholanzi walipanda mashamba makubwa kisiwani Java, na sehemu kubwa ya kinini cha dunia ilitoka huko, mpaka Wajapani walipokiteka kisiwa hicho mwaka 1942. Miti hiyo ilipandwa pia huku kwetu katika nchi za juu za Kivu, na kiwanda cha Pharmakina kule Bukavu kilijulikana miaka mingi kwa kutengeneza kinini. Wazee wengi wa upande wa Bukavu wamewahi kubandua magamba hayo kwa mikono yao. Basi si dawa ya kigeni sana kama tunavyodhani.

Lakini leo kinini si dawa ya kwanza tena. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanywa katika nchi 9 za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo, kwa watoto 5,425 wenye malaria kali. Katika kila watoto 100 waliopewa kinini walikufa karibu 11. Katika kila 100 waliopewa sindano ya artesunate walikufa 8 au 9. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani likaagiza mwaka 2011 kwamba watoto wenye malaria kali watibiwe kwa artesunate, kama lilivyokuwa limekwisha kushauri kwa watu wazima. Mahali ambapo artesunate imekwisha, kinini bado huokoa watu. Mimi niliokolewa nacho.

Ilikuwa mwaka 2023, siku zile Kanyaruchinya ilipojaa wakimbizi waliotoka Rutshuru tangu mwaka uliotangulia, hema juu ya hema, na kipindupindu kilikuwa kimekwisha kupita kati yao. Niliugua ghafula. Mahali nilipotibiwa dawa mpya ilikuwa imekwisha, nikatiwa kinini kila baada ya saa 8. Siku ya pili sikuweza kusikia vema maneno ya mwuguzi, na mlio ulianza. Nilitoka nikiwa mzima, namshukuru Mungu, lakini mlio haukutoka pamoja na ugonjwa. Ulipungua, kisha ukasimama palepale. Ni sauti nyembamba, ya juu, kama chuma kinachonolewa mbali.

Nilirudi darasani mapema kuliko ilivyofaa. Asubuhi moja watoto wa darasa la tano walikuwa wanaandika imla, darasa kimya kabisa, nami nikasikia mluzi. Nikanyamaza, mluzi ukaendelea. Nikatazama, nikaona mvulana wa benchi la nyuma amekunja midomo. Nikamtoa nje, nikamweka magotini juu ya mawe mpaka mwisho wa somo. Mnajua mawe yetu yalivyo: ni moto uliotoka mlimani Nyiragongo ukapoa, nayo yana meno. Mtoto alilia, akasema, "Mwalimu, si mimi." Sikumwamini. Niliporudi darasani mluzi ulikuwapo bado, naye mtuhumiwa yuko nje.

Nikawauliza watoto, "Nani anapiga mluzi?" Wakatazamana. Msichana mmoja akajibu kwa woga, "Mwalimu, sisi hatusikii kitu."

Siku ya pili mama wa mtoto alikuja. Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu, mwanangu ana majeraha magotini, naye anasema hajui kosa lake." Nilimwomba radhi yeye, kisha nikamwomba radhi mtoto mbele ya darasa zima, nikawaeleza watoto kwamba masikio yangu yana ugonjwa. Nimeandika haya si kwa kujisifu kwamba niliomba radhi. Nayaandika kwa kuwa najua wapo baba walio wakali nyumbani, wanaogombeza watoto kwa kelele kidogo, wasiolala, wasiosikia wanapoitwa, na watu wa nyumbani hudhani wamebadilika tabia au wamerogwa. Pengine ni masikio. Baba hasemi, maana anaogopa kuitwa mwenye wazimu.

Mlio huu watoka wapi? Ndani kabisa ya sikio kuna kifuko kidogo kilichojikunja kama gamba la konokono. Ndani yake mna chembe zenye nywele ndogo sana, kama 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Dawa kali zaweza kuzidhoofisha au kuziua. Vivyo hivyo kelele kubwa, na ugonjwa kama uti wa mgongo. Zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa habari kutoka kwao hufanya kama mtu mwenye redio iliyo mbali na kituo: huongeza sauti, huongeza tena, mpaka ausikie mkwaruzo wa redio yenyewe. Mkwaruzo huo ndio tunaousikia. Ni kitu cha kweli, lakini hakuna anayekupigia. Hesabu moja iliyotolewa mwaka 2022 ilionyesha kwamba katika watu wazima 100 wa dunia, kama 14 wanaujua mlio huo. Ludwig van Beethoven, mtunzi mkuu wa muziki, alimlalamikia rafiki yake daktari mwaka 1801 kwamba masikio yake yavuma usiku na mchana. Alitunga muziki wake mkubwa baada ya hapo.

Si kila mlio baada ya malaria ni wa kinini. Malaria hula damu, na mtu aliyepungukiwa damu husikia mvumo unaokwenda pamoja na mapigo ya moyo: vu, vu, vu. Huyo apimwe damu. Wengine wana nta iliyoziba sikio, wakaisukuma ndani zaidi kwa kijiti cha kiberiti au unyoya wa kuku. Wengine, na kwetu ni wengi, masikio yao yaliumizwa na mizinga. Sihitaji kuwasimulia watu wa Kanyaruchinya habari za mizinga.

Mtu asiye na mlio hudhani dawa yake ni kimya. Sivyo. Katika kimya mlio hutawala kama mbwa katika nyumba isiyo na mtu. Mimi nililala vibaya miezi mitatu kwa sababu nilifunga mlango, nikazima redio, nikawaamuru wote wanyamaze. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye huliwa na masikio tangu ujana wake, ndiye aliyenifungua akili. Alisema, "Mwanangu, wewe unamvizia. Kila usiku unakaa kumsikiliza kama bado yupo. Mimi nilimwacha, sasa ni kama jirani asemaye peke yake." Madaktari wanaoshughulikia masikio husema karibu neno hilohilo: ubongo huzoea sauti isiyo na hatari, kama mtu akaaye karibu na mashine ya kusaga, asiyeisikia tena mpaka izimwe. Kinachozuia kuzoea ni hofu, na kusikiliza kila mara.

Basi, usiku huiacha redio ikisema chini sana, chini kuliko mlio wenyewe, wala siitafuti kuufunika kwa kelele. Mvua juu ya mabati ni rafiki yangu mkubwa, na Kanyaruchinya mvua hatunyimwi. Mchana nafanya kazi ya mikono. Nikichoka au nikikosa usingizi mlio hupanda, nami sishangai. Ninajihadhari na vipaza sauti vya harusi na vya ibada vilivyoelekezwa usoni mwa watu. Nikilazimika kukaa hapo, nakaa mbali. Darasani nimewaambia wasiosikika wasimame wanapojibu.

Sasa mambo ambayo hayangoji. Mtu akipoteza kusikia ghafula, hata kwa sikio moja, aende kwa daktari siku ileile au kesho yake, asingoje juma, kwa sababu dawa ya jambo hilo hufaa mapema tu. Aende pia kama mlio u katika sikio moja peke yake, kama unakwenda na moyo, kama kuna usaha, kizunguzungu kikali, au upande mmoja wa uso umelegea. Mtoto aliyepona uti wa mgongo apimwe masikio hata kama hakulalamika. Mtoto mdogo hawezi kusema kwamba hasikii. Yeye huonekana mkaidi tu. Na wale wanaotibiwa kifua kikuu kwa sindano kama streptomisini, au wanaochomwa jentamisini, waseme mara tu wanaposikia mlio, maana sindano hizo zaweza kuharibu masikio zisiyarudishe. Wasiziache wenyewe, waseme. Mama mjamzito aliyepewa kinini ale vizuri, kwa kuwa hupunguza sukari ya damu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limeruhusu hata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba dawa ya artemether na lumefantrine, basi aweza kuuliza kama ipo.

Wala mtu asitie sikioni mafuta ya moto, maji ya majani, wala maziwa ya mama. Fedha mnazotoa kwa wauzao matone ya kuondoa mlio, nunulieni watoto maharagi.

Yule baba alirudi kituoni jioni ileile. Alipimwa, akaonekana bado ana vijidudu, akapewa vidonge vya namna nyingine na kuambiwa arudi baada ya siku tatu. Jumapili nilimwona akisukuma chukudu yenye magunia ya viazi kutoka upande wa Kibumba. Nikamwuliza habari za masikio. Akaniambia, "Nikiwa na mzigo siyasikii, Mwalimu. Nikilala ndipo yanakuja." Nikampa habari ya redio, na nimemwahidi betri.