Kwamba huna hatia haitoshi

Kila tukibishana kuhusu watu kuozea mahabusu, lazima atokee mmoja wetu aseme "wenzetu Marekani wana habeas corpus." Kwanza na sisi tunayo, someni Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Pili, hao wenzetu waliifanya butu, na namna walivyofanya inanitisha kuliko kama wangeifuta kabisa.

Tangu 1867 mtu aliyefungwa na mahakama ya jimbo anaweza kwenda mahakama ya shirikisho kusema: nimefungwa kinyume cha Katiba, nichunguzieni. Likaja bomu la Oklahoma City mwaka 1995. Mwaka uliofuata Rais Bill Clinton akasaini sheria ya ugaidi na adhabu ya kifo. Ndani yake mfungwa yeyote wa jimbo, hata asiyehusika na ugaidi kabisa, akawekewa mwaka mmoja tu wa kuleta maombi. Na jaji wa shirikisho akiona mahakama ya jimbo ilikosea tafsiri ya Katiba, bado haitoshi. Lazima kosa liwe la kupitiliza, ambalo hakuna jaji mwadilifu angeweza kulitetea. Yaani kukosea kwa kawaida kunaruhusiwa!

Angalieni kesi ya Barry Jones wa Arizona. Alihukumiwa adhabu ya kifo mwaka 1995 kwa kifo cha mtoto wa miaka minne. Mawakili wake hawakuchunguza ipasavyo ushahidi wa kitabibu kuhusu lini mtoto aliumizwa, na wakili wa hatua iliyofuata naye hakuligusa suala hilo. Mahakama ya shirikisho ikasikiliza wataalamu, na mwaka 2018 jaji akaamuru aachiwe au ashtakiwe upya. Arizona ikaenda Mahakama ya Juu, wakili wake akawaambia majaji bila hata kupepesa macho kwamba, hapa, kutokuwa na hatia hakutoshi. Mei 2022, majaji sita kwa watatu, jimbo likashinda: ushahidi ambao wakili wako hakuuweka kwenye kumbukumbu za jimbo, mahakama ya shirikisho haiutumii.

Hoja ya upande wa pili naijua, na siyo ya kijinga. Kesi lazima zifike mwisho, na familia ya marehemu nayo inataka kupumzika. Sawa. Lakini wakili yule alipangiwa na jimbo, halafu jimbo hilohilo linasema uzembe wake ni mzigo wako wewe mfungwa.

Ndiyo maana muswada wa mwenendo wa jinai ukifika Dodoma mimi siangalii kama haki imetajwa. Naangalia siku za kuwasilisha maombi na nani anabebeshwa uthibitisho.

Jones alitoka Juni 2023, baada ya takribani miaka 29 ndani. Hati haikumtoa. Alitoka kwa makubaliano na waendesha mashtaka, akakiri kosa jepesi zaidi, mauaji ya daraja la pili, kwa kutomtafutia mtoto matibabu.