Siku moja ya wiki usiposti, funga hesabu

Wauzaji wenzangu, leo naomba tubishane kidogo. Kila siku tunaambiwa posti, posti, posti. Mimi nasema siku moja ya wiki usiposti kabisa.

Kazi yangu ni kuandika programu, na pembeni nauza mtandaoni vitunguu vya nyumbani Lumuma, Kilosa. Watu hudhani sisi tunaandika programu wiki nzima. Wapi! Siku kadhaa naandika, siku moja najifunza, na siku moja ni za kuchosha: kuhifadhi nakala, kusasisha, kufuta takataka. Hizo hakuna anayekusifia, ila ukiziruka utalia.

Kwenye programu sikuziruka. Kwenye vitunguu niliziruka. Madeni yote yalikaa kwenye simu, na msimu uliopita simu ikatumbukia mferejini. Nilikuwa nimekopesha magunia 11. Waliojitokeza wenyewe wakalipa 7. Yale 4 sikumbuki nilimpa nani, na hayakuwa yangu, yalikuwa ya mama. Mpaka leo namlipa kidogo kidogo.

Waandika programu tuna chombo kinaitwa Git, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005. Kila badiliko linaandikwa: nani kafanya, lini, na maelezo ya alichobadili. Daftari lako linataka hayo hayo. Usiandike "gunia 2" tu, andika na kilo, maana lumbesa na gunia la kawaida si kitu kimoja. Bei ikibadilika, weka tarehe na sababu.

Jumatatu yangu sasa iko hivi:
1. Nahesabu mzigo kwa mkono, siyo kwa kukumbuka.
2. Nalinganisha miamala ya simu na daftari.
3. Napiga picha kurasa za madeni, najitumia kwa barua pepe. Nakala isikae kwenye simu hiyo hiyo tu.
4. Najifunza kitu kimoja, mfano kupanga katalogi ya WhatsApp Business.

Utasema, "Muda sina, wateja watakimbia." Anayeuliza mjibu, hujafunga duka. Posti mpya itasubiri Jumanne. Deni ulilolisahau halisubiri, limeshaondoka.

Sasa weka simu pembeni, chukua karatasi, andika majina ya unaowadai na kiasi. Umefika wangapi? Kama umekwama, Jumatatu hii usiposti.