Gari la Babu Lisiuzwe kwa Kilo

Nyuma ya ghala letu la mahindi hapa Kabazi kuna pikapu aina ya Peugeot 404 iliyolala tangu kabla sijazaliwa. Kutu imekula sakafu, na kuku hutagia kitini. Likizo ya Agosti mnunuzi wa vyuma kuukuu alikuja na mizani yake. Baba alitaka kuuza, kwani karo ya muhula wa tatu ilikuwa haijatimia. Mimi nilipinga, na bado napinga.

Hili si gari hivi hivi. Peugeot 404, ile ya saluni, ilishinda Safari Rally mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968, tena kwenye matope yetu haya haya. Injini yake fundi wa jua kali huifungua bila kompyuta.

Mtasema, mtoto wa kidato cha tatu anajua nini? Kidogo tu, nakubali. Lakini kila Jumamosi mimi na babu tunapiga msasa, tunakata bati lililooza, fundi anachomelea jipya, halafu tunapaka rangi ya kuzuia kutu haraka, maana mvua ya Subukia haingoji mtu. Mlango mmoja uko tayari. Breki ndizo ghali, na bila breki hatulitoi barabarani, hata babu akisema, "Twende tu!"

Na karo je? Tuliuza mbuzi wawili, deni bado liko. Baba hajanisamehe. Lakini juzi usiku nilimwona na tochi, amefungua boneti, akidhani tumelala.