AFYA YA JAMAA: Anakoroma, Kisha Ananyamaza



Mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo mu nyumba nyingi linafanya watu wacheke tu: kukoroma. Watoto wanajua kuiga namna baba anavyokoroma. Mama anawaambia wenzake: «Bwana yangu akilala, hata ba jirani banamusikia.» Wote wanacheka, na kucheka si vibaya. Lakini kuko kukoroma kwa namna moja ambako hatupaswi kukuchekea. Na anayeweza kukutambua wa kwanza si munganga. Ni yule anayelala karibu.

Sikilizeni namna inavyokuwa. Mtu anakoroma kwa nguvu. Mara sauti inakatika: kimya. Kifua na tumbo vinaendelea kujikaza, lakini hewa haipiti. Sekunde 10 zinapita, 20, wakati mwingine zaidi. Kisha anashituka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, anaanza kukoroma tena. Asubuhi ukimwuliza anajibu: «Mi nililala muzuri.» Hasemi uongo. Hakumbuki hata kidogo.

Ni nini inatokea? Tukilala, misuli ya mwili inalegea, hata ile inayoshikilia koo wazi. Kwa watu wengine koo ni jembamba, ao mafuta ya shingo yanalifinya, ao ulimi unaanguka nyuma. Njia ya hewa inafungika. Oksijeni inapunguka mu damu, na ubongo unamwamsha mtu kidogo tu, ili koo lifunguke. Wanganga wanaita ugonjwa huu apnea ya usingizi. Wanahesabu ni mara ngapi kwa saa moja pumzi inasimama ao inapunguka sana kwa sekunde 10 ao zaidi. Mara 5 mpaka 15, ugonjwa ni mdogo. 15 mpaka 30, ni wa katikati. Kupita 30, ni mkali. Fanyeni hesabu: mara 30 kwa saa ni kila dakika mbili, usiku mzima! Mtu huyo amekaa ku kitanda saa nane, lakini usingizi wake ulikatwa-katwa kama nyama ya soko.

Njo maana asubuhi kichwa kinamuuma, mdomo umekauka, na mchana anasinzia: mu mkutano, mu ibada, hata akishika sahani ya bukari. Hapo maneno yanaanza. Shefu anasema: «Ule iko muvivu.» Jirani anasema: «Ni lutuku.» Na mu jamaa kunatoka lile neno baya kupita yote: «Bamemuloga.» Hakuna anayefikiri juu ya koo.

Hatari si aibu tu. Fikirini mtu anayeendesha kamyo kubwa ya mawe mu karieri, ao shofere wa barabara anayebeba watu. Mu mwaka 2016 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo juu ya mashofere wa kamyo. Wale waliopimwa, wakakutwa na ugonjwa huu, wakapewa matibabu lakini wasiyafuate, walikuwa na ajali kubwa za kuzuilika mara 5 kupita wenzao wasio na dalili za ugonjwa. Mvivu akisinzia, kazi inachelewa. Shofere mgonjwa akisinzia, watu wanakufa.

Wanganga walijua namna gani?

Walikesha karibu ya mtu aliyelala. Mu mwaka 1965, ku Marseille, Ufaransa, munganga Henri Gastaut na wenzake waliweka waya ku vichwa vya wagonjwa, wakapima ubongo na pumzi pamoja, wakaona kwamba pumzi inasimama mara kwa mara mu usingizi. Mwaka ule ule wanganga wa Ujerumani, Jung na Kuhlo, walitangaza jambo sawa na hilo. Zamani watu wengi walifikiri wagonjwa hawa wanasinzia juu ya unene tu. Sasa ilionekana: wanasinzia mchana kwa sababu usiku hawalali kwa kweli.

Kuwatibu ilikuwa kazi ngumu. Wanganga walitoboa shingo chini ya koo, hewa ipite pale. Ilisaidia, lakini nani anapenda kuishi na tundu mu shingo? Kisha mu mwaka 1980, ku Sydney, Australia, munganga Colin Sullivan alijaribu njia nyingine: mota inayosukuma hewa kwa nguvu kidogo, kupitia bomba, mpaka mu pua ya mgonjwa. Mu mwaka 1981 alitangaza habari ya wagonjwa watano. Pumzi zao hazikusimama tena. Hewa ile si dawa, wala si oksijeni ya chupa. Ni hewa ya nyumba tu, lakini inashikilia koo wazi, sawa vile upepo unavyojaza mfuko.

Vijana, hapa mfuate vizuri. Mtu akipewa kitu na munganga, mara nyingi anajisikia vizuri kidogo hata kama kitu chenyewe hakina nguvu. Basi tutajua namna gani kama ni mashini inayosaidia, ao ni matumaini? Ku Oxford, Uingereza, watafiti walitangaza jibu mu mwaka 1999. Walichukua wanaume 107 wagonjwa, wakawagawanya kwa bahati. Wote walipewa mashini za sura moja. Lakini kundi moja hewa yao ilikuwa na nguvu ya kutosha, na kundi lingine ilikuwa hafifu, haiwezi kufungua koo. Kusinzia kulipimwa kwa maulizo 8, hesabu kutoka 0 mpaka 24. Kundi la hewa hafifu lilishuka kutoka 15 mpaka 13. Kundi la hewa ya kweli lilishuka kutoka 15 na nusu mpaka 7. Mnaona? Matumaini yalileta hatua mbili. Hewa ya kweli ilileta zaidi ya nane.

Lakini utafiti mzuri unasema pia mahali dawa inafika mwisho. Mu mwaka 2016 kulitoka matokeo ya utafiti mwingine, wa watu zaidi ya 2.700 wa inchi 7, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo ao wa mishipa ya ubongo tangu mbele. Waliopewa mashini waliitumia kwa saa tatu na kidogo tu kwa usiku. Kusinzia kulipunguka, roho ilitulia, siku za kukosa kazi zilipunguka. Lakini kushikwa na moyo ao kupooza hakukupunguka kupita kwa wenzao wasiotumia mashini. Kwa hiyo, mwenye tansio asiache vidonge vyake akisema: «Mi niko na mashini.» Kila dawa na kazi yake.

Na watoto?

Watoto pia wanashikwa. Kwao, mara nyingi ni vinundu vya koo na vya nyuma ya pua vilivyovimba. Mtoto anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi, jasho linamtoka, anakojoa kitandani tena baada ya kuacha, na ku masomo anasumbua ao hafuati. Musimpige. Mumupeleke ku munganga. Lakini si kila mtoto anapaswa kupasuliwa. Mu utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, juu ya watoto 464 wa miaka 5 mpaka 9, pumzi ilirudi sawa baada ya miezi 7 kwa watoto 79 kwa 100 wa wale waliopasuliwa, na kwa 46 kwa 100 wa wale walioangaliwa tu bila kupasuliwa. Munganga ataangalia ugonjwa ni mkali namna gani, kisha ataamua pamoja na wazazi.

Tufanye nini mu nyumba?

Kwanza, tuhesabu saa. Mtu anayefanya kazi ya usiku, na mchana analala saa nne tu mu kelele za kiwanja, anaweza kusinzia kwa sababu hiyo peke yake. Apewe kwanza nafasi ya kulala ya kutosha.

Akiendelea kusinzia, yule anayelala karibu akeshe kidogo, usiku mbili ao tatu. Aandike: Anakoroma? Pumzi inasimama? Mara ngapi kwa nusu saa? Siku hizi simu pia inaweza kushika sauti. Lakini amwambie mwenyewe mbele. Na ninyi vijana, sauti ya baba yenu si ya kutuma ku marafiki ili wacheke.

Kisha waende wote wawili ku munganga. Akienda peke yake atasema analala vizuri, na mambo yatakwisha pale. Munganga atauliza kama anakoroma kwa nguvu, kama anachoka mchana, kama mtu aliona pumzi ikisimama, kama ana tansio. Ataangalia uzito, umri kupita miaka 50, unene wa shingo, na kama ni mwanaume. Majibu ya «ndiyo» yakifika matatu ao zaidi, inafaa kumpima. Musiseme mwembamba hawezi kushikwa, ao kwamba ni ugonjwa wa wanaume tu. Wanawake pia wanashikwa, hasa wakipita umri wa kuzaa.

Kupima kwenyewe kunafanyika usiku, mgonjwa akiwa mu usingizi: ku hospitali, ao mu nyumba kwa mashini ndogo yenye mkanda wa kifua, kibomba cha pua na kile kipimo cha oksijeni cha ku kidole. Kipimo cha kidole mchana, mtu akiwa macho, hakitaonyesha kitu. Musidanganyike.

Mashini ya hewa ni ya bei, haiko mu kila hospitali, na umeme ukikatika inasimama. Lakini kuko mambo yasiyongojea mashini. Kulala kwa ubavu, si kwa mgongo: wengine wanashona mfuko nyuma ya shati, wanatia kitu kigumu ndani, ili mgongo ukatae. Kuacha pombe ya mangaribi, ikiwa bia ao lutuku, maana inalegeza koo zaidi. Kutomeza vidonge vya usingizi bila munganga. Na mwenye uzito apunguze: katika utafiti wa mwaka 2009 juu ya wagonjwa wa sukari, wale waliosaidiwa kupunguza karibu kilo 11 kwa mwaka walipona kabisa apnea mara tatu na zaidi kupita wenzao. Si wote waliopona, lakini njia iko.

Na mwenye kuendesha, akijisikia macho mazito, asimamishe kamyo, alale kidogo. Kufungua dirisha na kupiga redio havizuii usingizi.

Mama, ukiamka usiku ukasikia ile kimya, usikasirike wala usicheke. Mgeuze kwa ubavu. Kesho mwambie, bila aibu, mbele ya munganga. Yeye mwenyewe hakuwepo. Wewe ulikuwa macho.

Tuandikieni maulizo yenu, tutayajibu ku ukurasa huu. Mulale salama.