Yabisi Nayo Hupinda

Katika somo la Sayansi tumezoea kuwafundisha watoto kwamba yabisi ina umbo lisilobadilika. Kauli hiyo yafaa kwa kuanzia, lakini haitoshi. Mtoto wa Tunduma huyaona malori yaendayo Zambia, springi zake zikinyooka kwa uzito wa shehena. Tukimwambia kwamba chuma hakipindi, ataamini kitabu na kuyakana macho yake.

Wahandisi nao walipitia njia hiyo. Programu za kompyuta za kukokotoa mwendo wa mitambo zilihesabu kwanza kila kiungo kuwa kigumu kabisa. Siku hizi kiungo kinachopinda hukokotolewa kando, kikigawanywa vipande vidogo vidogo, kisha huingizwa katika mtambo mzima. Craig na Bampton walieleza mwaka 1968 namna ya kuifupisha hesabu hiyo.

Basi tufanye nini darasani? Tubane rula nyembamba ya plastiki ukingoni mwa meza, sentimita 10 zikiwa nje. Tutundike kijiwe nchani, tupime kwa milimita rula imeshuka kiasi gani. Turudie kwa sentimita 20: kijiwe ni kilekile, lakini mshuko hukaribia mara nane. Watoto wapime kabla hatujawaambia. Kanuni na ije baada ya jicho, si badala yake.