JIBINI: TUNAULIZA KUHUSU UHALALI, TUNASAHAU KUULIZA KUHUSU MAZIWA



Ndugu msomaji, wiki hii nataka nikueleze kosa nililolifanya mimi mwenyewe, tabibu, ndani ya nyumba yangu, ili wewe usilirudie.

Ilikuwa Jumamosi, Aprili 20, 2024. Mvua ya masika ilinyesha tangu alfajiri, njia ya mtaani kwetu ikageuka mto, na hakuna aliyetaka kutoka. Jioni Yanga na Simba walikuwa wanacheza, kwa hiyo watu wote nyumbani walikusanyika mbele ya televisheni. Shemeji yangu alikuwa amefika jana yake kwa basi kutoka Iringa na zawadi: bonge la jibini, au chizi kama wengi tunavyoiita, limefungwa kwenye nailoni, halina jina wala tarehe. Kalinunua kwa jirani yake mfugaji. Sisi tulizoea ile laini ya kupaka kwenye mkate. Hii ngumu yenye harufu kali ilikuwa mara yetu ya kwanza.

Nikauliza swali moja: "Shemeji, imegandishwa kwa nini?" Swali hilo ni la haki. Jibini nyingi hugandishwa kwa reneti, ambayo asili yake ni tumbo la ndama anayenyonya. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu reneti ya mnyama ambaye hakuchinjwa kisharia; Imamu Abu Hanifa ameiruhusu, na wengi wengine wameikataa. Siku hizi ipo pia ya vijidudu, isiyotoka tumboni mwa mnyama. Shemeji akajibu kuwa jirani yake anatumia hiyo ya vijidudu. Nikaridhika, tukasema Bismillahi, tukala.

Wakati wa mapumziko shemeji akajisifia zawadi yake: "Maziwa haya hayakuguswa na moto hata kidogo, ndiyo maana utamu wake hauifanani na ya dukani." Nikageuka kumtazama mdogo wake mke wangu. Ana mimba ya miezi mitano, na alikuwa amekwisha kula vipande vitatu.

Ndugu msomaji, maziwa mabichi yanaweza kubeba Brucella, kijidudu kinachosababisha homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, uchovu, na maumivu ya mgongo na viungo. Mgonjwa hupimwa malaria, hupewa dawa za taifodi, na miezi hupita. Akigundulika, tiba yake kwa kawaida ni dawa mbili kwa wiki 6 mfululizo. Jambo hili si geni: huko Malta, mwaka 1905, Themistocles Zammit aligundua kuwa homa iliyowasumbua watu kisiwani ilitoka kwenye maziwa ya mbuzi.

Yupo pia Listeria. Huyu huendelea kuzaliana hata ndani ya friji. Mtu mzima mwenye afya anaweza asimhisi, lakini kwa mjamzito huweza kumfikia mtoto tumboni na kuiharibu mimba, na homa yenyewe inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kula. Ndiyo maana sikuweza kusema "hajaumwa leo, basi yamekwisha."

Nikaondoa sahani yake taratibu nikamweleza. Shemeji akanuna, akaona nimemdhalilisha mbele ya wadogo zake. Adhana ya magharibi ikatukuta kipindi cha pili kikiendelea, tukasali, tukarudi. Yanga akashinda 2-1, na hakuna aliyeshangilia sana.

Kosa la pili lilifuata. Kwa fadhaa ile tuliisahau sahani kubwa mezani, na usiku umeme ukakatika. Jumapili mchana, tukimtazama Peres Jepchirchir wa Kenya akishinda mbio za London kwa saa 2:16:16, mwanangu alikuwa anainyemelea tena sahani ileile. Chakula cha namna hii kisikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali kisizidi saa moja. Siku ya mpira watu huketi, hudokoa, husahau. Mikono haioshwi na saa haitazamwi. Tuliitupa yote. Kutupa chakula kunauma, lakini israfu ilianza pale tulipokiacha kiharibike.

Maoni yangu ni haya. Katika Suratul-Baqara, aya ya 168, tumeamrishwa kula kilicho halali na kilicho twayyib. Sisi tumekuwa hodari wa nusu ya kwanza. Hakuna mwenyeji anayekasirika akiulizwa nani kachinja. Kwa nini basi tukiuliza "maziwa yalichemshwa?" ionekane ni dharau? Simwambii mtu aache jibini. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa jibini huko Tabuk, akataka kisu, akataja jina la Mwenyezi Mungu, akakata. Ni chakula chema chenye protini na madini ya chokaa. Ninachotaka ni swali la pili lizoeleke kama la kwanza.

Kwa hiyo, ukinunua yenye lebo, soma kama maziwa yamepashwa moto wa kuua vijidudu, na tazama tarehe. Isiyo na lebo, muulize aliyeitengeneza. Usipopata jibu, mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wasile. Aliyekwisha kula na akapata homa, amwambie tabibu kuwa alikula jibini ya maziwa mabichi. Bila neno hilo tutaendelea kupima malaria.

Na ukitaka kuonja bila wasiwasi wowote, tengeneza mwenyewe. Chemsha lita moja ya maziwa, epua, tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa safi, tia chumvi kiasi, kandamiza kwa kitu kizito, weka kwenye friji, ule ndani ya siku mbili tatu. Hapo hakuna suala la reneti wala la maziwa mabichi.

Mdogo wake mke wangu tulimpeleka kliniki Jumatatu, akaeleza alichokula, akafuatiliwa. Wiki zile zilikuwa ndefu. Agosti alijifungua salama, alhamdulillah. Shemeji alikuja kwenye akika, na safari hii alileta asali.

Wabillahi tawfiiq.