Barafu ya imbwa wakati wa joto

Ninyi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi munajua mwezi wa 9 na wa 10, mbele ya mvua kuanza, namna jua linachoma. Watoto wanakunywa barafu ya mu sashe kutwa nzima. Na imbwa? Iko imelala chini ya muembe, ulimi inje.

Kwetu mutoto wetu mumoja aliiona akasikia huruma. Alitupia Bobi sashe yake ya barafu, nzima, na plastiki yake. Bobi akaimeza mara moja. Tulicheka. Kesho yake akakataa bukari, akaanza kutapika, tumbo likavimba. Siku ya ine akakufa. Kiisha veterinere akatufasiria kwamba plastiki ilifunga matumbo. Ingefaa tumupeleke siku ya kwanza, lakini tulisema, itapita tu.

Sasa tuko na kaimbwa kengine, na joto imerudi. Basi nikauliza wanaojua.

Imbwa haitoki jasho sawa mutu, ni kidogo tu ku nyayo. Inatosha joto kwa kuhema. Mwili wake ukiwa muzima uko na digri 38 mpaka 39 hivi. Ikipita 40 ni hatari. Kwa hiyo ya kwanza ni kivuli na maji safi, siku yote. Barafu ni ya kuongeza tu, kidogo, isipite sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Mama, siku unapika mifupa ya ngombe, tia mingine mu sufuria ya pembeni, na maji tu. Pasipo chumvi, pasipo kitunguu, pasipo kibe ya mchuzi, kwa sababu kibe iko na chumvi nyingi na mara nyingi na kitunguu ndani. Kitunguu kinaharibu damu ya imbwa, kibichi ao cha kupikwa. Chuja muzuri: mufupa wa kupikwa unapasuka na kutoboa matumbo, usiuache ndani. Mchuzi ukipoa, ondoa mafuta yenye kuganda juu. Mimina mu makopo madogo, nusu tu, tia vipande vya papai pasipo mbegu, ao boga la kuchemsha, ao ndizi. Embe pia ni muzuri, lakini kokwa tupa mbali. Lala nayo mu firigo ya kugandisha.

Kesho yake chovya kopo mu maji, barafu itoke yenyewe. Ngoja ilegee kidogo, maana barafu ngumu sana inavunja meno. Hakuna plastiki, hakuna kajiti.

Siagi ya karanga inafaa kidogo kama ni karanga tupu. Karanga zenye ukungu, hapana, sumu yake inaua ini, na unga wa mahindi wenye kuoza ni vile vile. (Wengi wetu tunasema, unga umeharibika, mupe imbwa. Tuache hiyo.) Shokola, zabibu, na shingamu ya pasipo sukari ni sumu kabisa. Maziwa yanaharisha imbwa nyingi za kukomaa. Umeme ukikatika usiku na mchuzi ukayeyuka ukapata joto, umwange, usiugandishe tena.

Vijana, sikieni hili. Mukiona imbwa inahema kwa nguvu, mate mazito, inayumba ao inaanguka, musiitie barafu mu kinywa. Ipelekeni ku kivuli, muimwangie maji mwili muzima palepale, muipepee, kiisha mukimbie kwa veterinere. Musingoje kesho sawa sisi.

Nyumbani, yule mutoto ndiye anatosha barafu mu makopo. Anayahesabu mbele, anayahesabu tena nyuma: tatu, tatu. Halafu anaita kaimbwa.